Firigisi Iliyobaki Shuleni

Ninyi mnaobisha kwangu na madaftari, mkitaka vipimo vya banda la kuku, ingieni, vipimo ninavyo. Ila mjue tangu mwanzo kwamba mimi sifugi tena. Miaka ya vumbi la pumba na mavi makavu imekishinda kifua changu, na muuguzi wa zahanati aliniambia wazi: "Prof, chagua. Kuku ama pumzi." Nilichagua pumzi, lakini ilinichukua mwezi mzima kuchagua.

Banda, basi. Mita mbili kwa tatu zawatosha kuku kumi na wawili na jogoo mmoja. Liinueni juu ya miguu ya mti mgumu, kimo cha goti la mtu mzima, na kila mguu muusimamishe ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya motokari, ili siafu wakifika wapate la kufikiri. Mlango usielekee ziwani. Upepo wa kiangazi ukitoka majini humwingia kuku chini ya mabawa, na asubuhi utamkuta amejikunja kama mgeni asiyekaribishwa. Vijiti vya kulalia viwe vya mviringo na vyote viwe kimo kimoja. Nilipovipanga kwa ngazi, kama nilivyoona katika kitabu cha Kifaransa, kila machweo kuku wangu walipigania kijiti cha juu. Nchi yetu ina wapigania viti wa kutosha. Hakuna haja ya kuwafuga.

Nilianza kazi hii nikiwa mwalimu wa biolojia, na sikuianza kwa kupenda kuku. Nilirudi Kalemie kutoka Lubumbashi na diplome, mke, na masanduku mawili ya vitabu. Mwaka wa tatu mke wangu alifariki kwa homa ya siku nne. Binti yetu, Ngoie, alikuwa na miaka miwili. Wazazi wa marehemu walikuja kutoka Kabalo kwa matanga, na walipoondoka waliondoka na mtoto, nami sikubisha, kwa sababu sikujua hata namna ya kumchemshia uji. Nilibaki katika nyumba ya vyumba vinne pale mlimani, nikitumia chumba kimoja. Kuku niliwaleta ili uani pawe na sauti. Watu waliponiuliza, nilisema ni kwa sababu mshahara haufiki. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini lile la pili lilisemeka kwa urahisi zaidi.

Niliwajengea banda zuri kupita kiasi. Sakafu ya mbao zilizobanana, bila ufa. Ua wa waya. Hapana mwizi, hapana mwewe, hapana udongo. Niliwalisha mahindi safi. Baada ya wiki tatu kuku wawili walinyong'onyea, mifuko yao ya shingoni imevimba na kuwa migumu kama ngumi. Nilipekua vitabu. Ndipo jirani yangu alipochungulia kupitia tundu la uzio.

Huyo alikuwa Mama Feza, Mholoholo wa ziwani, mjane aliyenizidi miaka kumi hivi, mwenye kazi ya kuanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kuku wake hawakuwa na banda. Walilala jikoni kwake na kunenepa. Uzio kati yetu ulikuwa wa matete, na mahali pamoja matete yalikuwa yameoza yakaacha tundu la ukubwa wa sinia. Kupitia tundu lile tulipeana moto, chumvi na habari.

"Prof," alisema, "kuku zako ziko na njaa ya mawe."

"Njaa ya mawe, Mama?"

"Kuku haina meno. Unaipa mahindi, itayatafuna na nini? Na diplome yako?"

Nataka mwelewe aibu yangu. Wiki ileile nilikuwa nimechora firigisi ubaoni kwa chaki ya rangi mbili, nikaeleza jinsi ndege anavyomeza mawe madogo yakamsagia chakula ndani ya firigisi. Wanafunzi walinakili. Mwenyewe sikuwa nimenakili. Kesho yake Mama Feza alinipitishia beseni la mchanga: si ule laini wa kuchezea watoto, bali ule unaobaki mwisho wa wimbi, wenye vijiwe kama punje za mtama. Kuku waliushambulia kabla sijaliweka beseni chini. Mmoja alikufa hata hivyo. Wa pili alipona, akaishi miaka mitano.

Tangu siku ile nilikuwa na desturi: kila kuku niliyemchinja, nilipasua firigisi yake kwanza na kusoma kilichomo. Nawaachia desturi hiyo kama urithi, maana huwaambia msiyoyaona. Mkikuta vijiwe vimelainika na kuwa vichache, ongezeni mchanga. Mkikuta nyuzi za majani zimejifunga fundo, kateni majani mafupi zaidi. Nilikuta vifungo vya shati, nilikuta ushanga, na mara moja nilikuta ncha ya kalamu yangu mwenyewe, ambayo kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nimewashuku wanafunzi wa klasi ya nne kwamba wameiiba.

Kosa langu la pili ni kosa la Kalemie, na nyinyi pia mtalifanya. Hapa kwetu ndakala zilizovunjika hazina mwenyewe. Unapewa kapu zima kwa kusema asante. Nikawaza: protini ya bure! Nikawashibisha kuku ndakala asubuhi na jioni. Walitaga kama wanaokimbizwa. Kisha mke wa karani mmoja wa bandari akaja na kikapu chake cha mayai, akakiweka mbele yangu kwa upole wote.

"Prof, jana nilikaanga haya mayai. Papa ya watoto akakaa mezani, akakula, akaniuliza samaki iko wapi."

Mama Feza alicheka upande wa pili wa uzio mpaka akashikilia matete. "Hizi si mayai, Prof. Njo ndakala zenye maganda." Kisha akanifundisha: kiganja kimoja cha ndakala zilizotwangwa kwa kuku kumi, si zaidi, na kuku wa kuchinjwa asionje samaki wiki mbili kabla ya siku yake, la sivyo nyama itakusaliti mbele ya wageni.

Nilikaa hivyo miaka sita. Jumapili baada ya misa nilibeba kiti hadi mbele ya banda nikasahihisha kazi za wanafunzi, nikizisoma kwa sauti. Kuku ni wasikilizaji wazuri wa insha mbovu. Majirani walioniona waliniita Prof wa Kuku, na hawakukosea sana, kwa kuwa ziko siku nilizozungumza na kuku zaidi ya watu. Kutoka Kabalo zilifika barua mbili kwa mwaka, mwandiko wa katekista, maneno ya mkwe wangu: mtoto yu mzima, mtoto anasoma, mtoto ameota jino jipya.

Ndipo ikaja barua ya tatu. Papa Kabamba, baba wa marehemu mke wangu, aliandika kwamba Ngoie sasa ana miaka minane, kwamba mtoto ni wa baba yake, na kwamba baada ya mvua atamleta. "Tutakuja kuangalia nyumba," alisema. "Tukiona ni nyumba, mutoto atabaki."

Niliisoma barua hiyo mbele ya banda mara tatu. Nilitengeneza kitanda. Nilipaka chokaa chumba kilichokuwa cha vitabu. Nilichagua jogoo wangu mwekundu, nikamtenga, nikamnyima ndakala wiki mbili kamili. Mama Feza aliahidi kupika.

Hapa lazima niwaambie jambo, kwa sababu baadhi yenu mmezaliwa mjini na mnanunua kuku vipande. Baba mkwe hapewi nyama ya kuku, hupewa kuku. Kila kiungo lazima kionekane bakulini, na juu ya vyote huwekwa firigisi, ambayo ni yake peke yake. Ikikosekana, maana yake mtu ndani ya nyumba ile ameila, yaani yumo mtu anayejiona mkubwa kuliko yeye. Nililijua hili tangu nikiwa mtoto. Msifikiri sikulijua.

Treni ya kutoka Kabalo ikitangazwa kufika Jumanne, ilifika Ijumaa. Juma lile ilitangazwa Alhamisi, nami, kama mji mzima, nikahesabu Jumapili. Lakini Alhamisi alfajiri mfanyakazi wa stesheni alinipigia hodi: treni imekwisha toka Nyunzu, saa sita itakuwa hapa. Saa moja nilikuwa na somo klasi ya tano, somo la mmeng'enyo. Nikajiona mwerevu. Nilimbeba jogoo hadi shuleni, ng'ambo ya mto Lukuga, nikamchinja mbele ya wanafunzi, nikawaonyesha kila kitu kwa utaratibu, na firigisi, iliyokuwa nzuri ajabu, yenye vijiwe vyekundu, nikaitia ndani ya chupa ya spiriti ili klasi ya sita nao waione. Nyama nikaiweka katika beseni, nikarudi mbio.

Mama Feza alipokea beseni, akaanza kupanga vipande. Mkono wake ukasimama.

"Prof, firigisi?"

"Imebaki shuleni."

"Rudi ukaichukue."

"Iko ndani ya spiriti, Mama. Na prefe wa shule amefunga chumba, ameenda shamba na ufunguo."

Hakunilaumu. Alitazama banda. "Basi chinja ingine. Maji iko moto bado."

Nilikuwa na kuku kumi na mmoja, wote wakitaga, mmoja akiatamia. Muda ulikuwepo. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeona haya, na mtu msomi akiona haya hutafuta nadharia.

"Mama, mzee ametoka safari ya siku mbili. Hatahesabu vipande. Hizo ni mila za zamani."

"Atahesabu."

"Si siku hizi."

"Prof," alisema, na safari hii aliniangalia, "hata siye wa samaki tunahesabu. Na ule njo Muluba, tena baba mukwe. Chinja ingine."

"Pika hii, Mama."

"Sawa," akasema, akaipika. Aliipika vizuri kuliko nilivyostahili.

Papa Kabamba alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti alilolivaa hata kwenye joto. Ngoie alijificha nyuma ya koti hilo. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Nilijikuta nikizungumza na ukuta ili nisimtazame sana. Alipoliona banda aliliachia koti la babu yake.

"Papa, hii kuku inaitwa nani?" aliniuliza.

"Hawana majina."

Akafikiri. "Basi hii njo Kabibi," akasema, akainama kwenye kiota, akatoka na yai la moto mkononi, naye amelifumbata kama aliyeshika kitu cha siri. Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wenye akili wangeishia hapo.

Bakuli liliwekwa. Mzee alinawa, akasali, akachukua kijiko kikubwa na kuanza kugeuza vipande polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka chini. Kisha akavigeuza tena.

"Mukwe," akasema, "hii kuku iliugua?"

"Hapana, Papa. Ilikuwa nzima."

"Basi firigisi yake ilikimbilia wapi?"

"Iko shuleni, Papa. Ndani ya chupa. Wanafunzi wanaiangalia."

Alikiweka kijiko chini. "Mu chupa," akasema, kama mtu anayejaribu neno geni. "Nimeona watu wenye kula firigisi ya mukwe kwa siri. Mwenye kuitia mu chupa, sijamuona bado." Nadhani nilitabasamu, maana nilidhani ni utani, na huenda nusu yake ilikuwa utani. Lakini alikuwa akiniangalia bila hasira, na hilo lilinitisha. Akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile:

"Hakuna muntu alikukumbusha?"

Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa. Jibu la kweli lilikuwa kwamba nimekumbushwa mara mbili, nikakataa kwa kusudi. Hilo lingekuwa tusi. Kusahau ni udhaifu tu, nikawaza. Mpweke anasahau, watu husamehe. Nikasema:

"Hakuna, Papa."

Mama Feza angeweza kusema neno moja. Alimmiminia mzee maji, akatoka.

Papa Kabamba alikula bugali na mchuzi. Nyama hakuigusa, alimsogezea mtoto. Alilala kwangu siku mbili kwa heshima yote, akitengeneza bawaba ya dirisha langu bila kuombwa. Jumamosi asubuhi, treni ikijiandaa, aliniita kando.

"Si juu ya nyama," alisema. "Nyama ninaweza kusamehe. Lakini nilikuja kuangalia kama hii ni nyumba. Nyumba yenye hakuna hata muntu moja wa kukumbusha mwenye nyumba, mutoto mwanamuke atakomaa ndani yake namna gani? Nani atamufundisha cha kumupa nani? Oa kwanza, mukwe. Ama tafuta dada yako. Kisha niandikie."

Sikuoa, na sikuwa na dada. Ngoie alipanda treni akiwa bado ameshika lile yai, alilokuwa amelala nalo siku zote mbili.

Nilirudi nyumbani mchana. Nilipopita uani niliona tundu la uzio limezibwa. Matete mapya, ya kijani, yaliyofungwa kwa kamba tatu sawasawa, kazi safi isiyo na hasira. Nilisimama mbele yake. Nilisikia upande wa pili akigeuza ndakala kwenye turubai, na yeye bila shaka alisikia viatu vyangu. Ningeweza kusema kupitia matete; matete hayazuii sauti. Niliamua kungoja siku bora. Siku bora haikuja, na baada ya kiangazi kimoja Mama Feza alivuka kwa mashua kwenda Kigoma, alikokuwa na mwanawe. Aliaga mtaa mzima. Kwangu alipita akasema, "Nakwenda, Prof. Uwapatie mchanga." Nami nikasema safari njema.

Baada ya hapo nilifuga kwa miaka mingi na nilifuga vizuri. Nilijifunza kulitazama yai kwa jua kupitia karatasi iliyokunjwa kama bomba, siku ya saba ya kuatamiwa: lenye mishipa ya damu liacheni, lililo wazi kama maji litoeni. Nilijifunza kuchanganya majivu na vumbi ili kuku waoge na wadudu wawatoke. Mwaka ugonjwa ulipofagia banda zima, nilijifunza kuchoma mizoga, kupaka chokaa, na kungoja miezi mitatu bila kuleta kuku mpya hata nikisihiwa na ukimya wenyewe. Miezi ile mitatu ndiyo niliyojua ukubwa wa nyumba yangu. Yote haya yaandikeni. Na andikeni na hili: mkichinja kwa ajili ya mgeni, mwulizeni aliye karibu kama kuna kilichosahauliwa, na akikitaja, msitafute nadharia.

Kiangazi kilichopita Ngoie alikuja. Ana miaka ishirini na mitatu, anafundisha watoto wadogo huko Kabalo. Babu yake alifariki mwaka uliotangulia. Alikuja kwa siku tatu, akiwa na kuku mmoja ndani ya kapu, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba banda langu ni tupu. Asubuhi ya pili alimchinja uani. Nilikaa kwenye kile kiti changu nikimtazama akipasua firigisi na kuumwaga mchanga wake, mchanga mweusi wa mto Lualaba, si wa kwetu.

"Papa," alisema bila kuinua kichwa, "ile siku, kweli hakukuwa hata muntu moja wa kukukumbusha?"

"Kwa nini unauliza?"

"Babu alirudilia ile neno mpaka kufa. Alisema kama ungekuwa na muntu moja tu, angeniacha."

Vumbi la banda lilikuwa limekwisha toka kifuani mwangu kwa miezi mingi, lakini ilinibidi nivute pumzi mara mbili.

"Alikuwako," nikasema. "Aliniambia. Nilimwambia apike tu."

Alisuuza firigisi, akaiweka juu ya vipande vingine, akavihesabu kwa sauti ndogo mpaka cha mwisho, namna babu yake alivyokuwa akihesabu.

"Alikuwa nani?"

"Mama Feza. Alikaa pale, nyuma ya matete."

Aligeuka akatazama uzio, mahali ambapo kamba tatu zilikwisha oza na hapakuwa na kitu nyuma yake ila magugu.

"Yuko mzima bado?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sijui, kwa maana sikuwahi kuuliza.